Bei kabla ya kitanda

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye sofa ambalo bado halijavishwa kitambaa, mbao tupu na sponji tu, simu ameiinua karibu na sikio la kulia. Ilikuwa Jumamosi mwendo wa saa nne asubuhi, katika karakana ya fanicha kando ya Ngong Road, Nairobi, na fundi mmoja alikuwa akipiga msasa miguu ya meza. Mwalimu alimwomba apumzike kidogo. Msasa ukanyamaza.

"Elfu kumi na nne mia tano," simu ikasema.

Akatelezesha kidole kulia.

"Elfu kumi na nane."

Akatelezesha tena.

"Elfu ishirini na sita mia tano. Elfu thelathini na mbili."

Akangoja, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize sentensi. Sentensi haikuisha. "Bei hizi ni za nini?" akauliza.

Mwenye jibu nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Tovuti ile niliijenga mwenyewe mwaka wa 2019, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda karakanani kupiga picha za vitanda vipya. Kwa mtu anayeona, kila bei imekaa kwenye kona ya picha yake, ndani ya kibandiko chekundu, haina utata wowote. Mwalimu haoni. Glakoma ilimchukua macho yote mawili miaka michache baada ya kustaafu, na tangu hapo anatumia TalkBack, ile programu ya Android inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye simu.

Nilianza kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mwanafunzi akiniletea insha iliyopangwa hivi, simpi alama, wala simkaripii. Namrudishia karatasi aipange upya."

Akaitia simu mfukoni, akamwomba fundi amshike mkono ampeleke penye vitanda.

Karatasi ile nilikaa nayo wiki tano.

Nilivyofundishwa

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa na meza yake ndani ya saiba (duka la intaneti) moja ya Tom Mboya Street, na imani yake kuhusu Google ilikuwa moja. Alisema Google husoma ukurasa kama mtu mwenye haraka: anayokutana nayo mwanzo wa faili ndiyo anayoyapa uzito, na kadiri anavyoshuka ndivyo anavyochoka. Kwa hiyo maneno yanayoleta wateja yaandikwe juu kabisa ya faili, kabla ya nembo, kabla ya menyu, kabla ya chochote. Halafu CSS, lugha inayoupa ukurasa sura yake, itakirudisha kila kitu mahali pake machoni pa watu.

Nilimwamini, na leo bado naelewa kwa nini imani hiyo ilishika. Miaka ya mwanzo ya mtandao, kurasa zilipangwa kwa majedwali. Menyu ilikaa kwenye chumba cha kushoto cha jedwali, na chumba cha kushoto lazima kiandikwe kwanza, kwa hiyo kila ukurasa wa duniani ulianza na orodha ileile ya linki kabla ya neno lolote la maana. Håkon Wium Lie alitoa pendekezo la CSS mwaka wa 1994. Toleo la kwanza lilipopitishwa na W3C, shirika la viwango vya mtandao, Desemba 1996, lilileta rangi, fonti na nafasi pembeni ya maandishi, lakini halikukuruhusu kukiinua kitu na kukiweka utakapo. Hilo lilikuja na CSS2, Mei 1998. Ndani yake kulikuwa na sifa inayoitwa position.

Kwa mara ya kwanza ungeweza kuandika kitu cha mwisho na kikaonekana cha kwanza.

Mwaka huohuo wa 1998, mwezi wa Septemba, Google ikaandikishwa kuwa kampuni. Basi vitu viwili hivi vilikua pamoja, na haikuchukua muda kabla watu wa kupandisha tovuti kwenye matokeo ya Google hawajagundua kwamba kimoja kinaweza kutumiwa kumsemesha mwenzake. Andika makala juu, sukuma menyu chini ya faili, kisha uivute menyu ile hadi kileleni kwa position: absolute. Msomaji anaona ukurasa wa kawaida. Mashine inakuta makala kwanza.

Nisieleweke vibaya. Kutanguliza makala kwenye faili si kosa, na wapo wasioona ambao wangefurahi wasipolazimika kupitia linki ishirini kila wanapofungua ukurasa. Ila mimi nilipojenga tovuti ya vitanda sikuwa namfikiria mtu wa namna hiyo hata kidogo. Nilikuwa nafikiria mashine.

Makanga hana kiti

Wanafunzi wangu wawili wa jioni huwa nawaelezea position kwa matatu, kwa sababu kila mmoja wetu amefika kwa matatu.

Kila kisanduku cha HTML, lugha ya kuandikia yaliyomo kwenye ukurasa, ni abiria. Wanaingia kwa zamu na kuketi kwa zamu. Huo ndio mtiririko wa kawaida. Ukimpa abiria position: relative, ni sawa na yule anayejinyoosha hadi dirishani kununua njugu kwenye foleni ya magari ya mzunguko wa Globe: mwili umesogea, lakini kiti ni chake, hakuna atakayekikalia. Ukimpa absolute, amekuwa makanga, yule utingo wa matatu. Hana kiti tena. Wengine wanasogea na kuketi kana kwamba hayupo, naye ananing'inia kwa kushika mlango. Mlango ni yule mzazi wake wa karibu ambaye naye amepewa position. Asipokuwepo mzazi wa namna hiyo, makanga anajipimia kwenye ukurasa mzima, ndiyo maana wanaoanza kazi hii hushangaa kitufe kilichotakiwa kukaa kwenye kadi kimerukia kona ya juu ya skrini. Na fixed ni kibandiko kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele: barabara yote itapita, chenyewe hakisogei.

Makanga ana jambo jingine. Kwa kuwa hana kiti, hamsukumi mtu. Nilipogeuza tovuti ile kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kitufe cha "Call us" kikawa "Piga simu uulize", maneno yakarefuka, yakapanda juu ya jina la kitanda na hakuna kilichompisha mwenzake. Kwenye mtiririko wa kawaida jina lingeshuka lenyewe. Nilitumia siku nzima kusogeza pikseli hapa na pale, nikidhani tatizo ni urefu wa Kiswahili.

Lakini huwa nawaambia wanafunzi wangu pia kwamba, hata makanga aning'inie wapi, orodha ya abiria iliyoandikwa stejini haibadiliki. Nilikuwa nikilisema hilo kama jambo la kukumbuka kwenye mtihani. Mwalimu anasomewa orodha ile. Hicho ndicho kitu pekee anachopewa.

Stima zilipopotea

Wiki ya pili baada ya Jumamosi ile, stima zilipotea mtaani kwetu Umoja saa mbili usiku. Laptopu ilikuwa haina chaji. Nikaichukua simu, nikawasha TalkBack, na ndani yake nikachagua kuficha skrini, ikawa nyeusi tii. Nikaifungua tovuti ya vitanda.

"Vitanda Nairobi. Vitanda bora Nairobi. Vitanda vya bei nafuu Nairobi. Vitanda vya mbao Nairobi, Ngong Road. Unatafuta vitanda Nairobi? Sisi ndio wauzaji wa vitanda Nairobi."

Iliendelea hivyo. Nilihesabu neno Nairobi mara 38. Sijapata kukaa gizani nikasikia jiji langu likitajwa hivyo, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na nisijue kama naambiwa jambo. Niliyaandika maneno yale mwenyewe. Nilipoyaandika sikuwahi kuyasoma kwa sauti hata mara moja, kwa sababu hayakuandikwa yasomwe.

Kisha zikaja bei. Nilizikusanya zote pamoja kwenye kisanduku kimoja karibu na mwanzo wa faili ili iwe rahisi kuzibadilisha mbao zikipanda, halafu kila moja nikaipeleka kwenye picha yake kwa absolute: hii pikseli 40 kutoka juu, ile 380, ile 720. Bei kumi na moja mfululizo, kila moja yatima.

Halafu picha. "Picha. Picha. Picha." Sikuwa nimeziandikia maelezo.

Halafu majina ya vitanda, yote pamoja, mbali na bei, mbali na picha. Nilijaribu kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, namna Mwalimu anavyofanya anapopitia gazeti, ila hapakuwa na vichwa. Nilikuwa nimeyanenepesha maandishi tu yakaonekana kama vichwa.

Mwisho kabisa, menyu na nambari ya simu ya karakana. Kwenye skrini nambari hiyo iko juu, kubwa, ya rangi ya machungwa, kitu cha kwanza jicho linakiona. Kwa sikio ilichukua zaidi ya dakika sita kuifikia.

Stima zilirudi saa nne kasoro. Sikuwasha taa.

Kumbe Google anaona

Ningeweza kujiambia kwamba angalau mtego ule ulifanya kazi iliyokusudiwa. Nilitaka kuliamini hilo, kwa kuwa Mama mwenye karakana alikuwa akipata simu za wateja kila wiki na alinilipa kwa wakati. Nikarudi kusoma.

Januari 2012 Google ilitangaza kipimo kinachoshusha kurasa ambazo sehemu yake ya juu imejaa matangazo kabla msomaji hajafikia maandishi. Ukilitazama jambo hilo vizuri, haliwezekani kwa mashine inayosoma faili tu. Lazima iwe na namna ya kujua nini kinakaa wapi machoni pa mtu. Mwaka wa 2014 Google ilieleza waziwazi kwamba inauchora ukurasa kama kivinjari kinavyouchora, CSS na JavaScript zikiwemo, ikawaomba wenye tovuti wasiyafungie mafaili hayo. Novemba 2016 ikatangaza kwamba itaanza kutegemea sura ya ukurasa kwenye simu, na kazi hiyo ikatangazwa kukamilika Oktoba 2023.

Yaani nilipokuwa najenga ile tovuti mwaka wa 2019, yule msomaji mwenye haraka niliyesimuliwa pale Tom Mboya Street alikuwa ameshahama zamani. Nilikuwa nampangia chumba mgeni asiyekuja.

Na mlangoni nilimwacha mgeni mwingine.

Lipo jambo lililoniumiza zaidi. Lile fungu lenye Nairobi 38 hapo awali lilionekana, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo za kijivu. Mwaka wa 2021 Mama aliniambia linaharibu sura. Badala ya kulifuta nikalipa position: absolute na left: -9999px, likaenda kukaa nje ya skrini upande wa kushoto, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Sera za Google dhidi ya udanganyifu zinaitaja hila hiyo moja kwa moja: maandishi meupe juu ya meupe, herufi za ukubwa wa sufuri, na maandishi yaliyosukumwa nje ya skrini kwa CSS. Nilikuwa nimeiweka biashara ya mtu kwenye hatari ya kuondolewa kabisa kwenye matokeo, na mwenyewe hakujua.

Mazungumzo na Mama

Nilikwenda kumwambia ana kwa ana. Mambo kama haya hayafai kwa simu.

Alikuwa akipima urefu wa mbao na hakuacha kupima. Nilimweleza kuhusu fungu lililofichwa, kuhusu Mwalimu, kuhusu bei zilizopotezana na vitanda. Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa wiki mbili.

"Tukilitoa tukashuka, hawa watu wanne nitawalipa na nini?"

Sikuwa na cha kumwahidi. Nilimwambia kwamba likibaki tunaweza kushuka vibaya zaidi, siku isiyojulikana. Nilimwambia nitahifadhi nakala ya tovuti ya sasa, na kazi yote ya kuipanga upya sitamtoza hata shilingi. Akanyamaza. Fundi mmoja akawasha msumeno, ikabidi tungoje.

Msumeno ulipozimwa, akasema, "Yule Mwalimu alichukua kitanda, unajua? Kile cha futi tatu kwa sita. Alikigusa kila kiungo kwa vidole mpaka nikaogopa atapata kibanzi. Akaniambia kiungo cha nyuma upande wa ukutani hakijakazwa. Na kweli, hakikuwa kimekazwa."

Kisha akarudi kwenye mbao zake. "Panga," akasema.

Nimelifikiria sana hilo la kiungo. Upande wa ukutani hauonekani. Mteja mwenye macho angekitazama kitanda kwa mbele, angeona vanishi inang'aa, angelipa. Fundi anajua hivyo, na ndiyo sababu ni rahisi kuulegeza upande ule. Mpangilio wa HTML ndio upande wa ukutani wa kazi yangu.

Nilichofuta kupita kiasi

Usiku ule nilifanya kazi kwa hasira, na hasira haikunisaidia. Nilitafuta kwenye faili la CSS kila mahali palipoandikwa -9999px, nikafuta. Nilitafuta kila position: absolute, nikafuta pia. Ukurasa ulivurugika, nikaona ni sawa, nitaujenga tena bila vitu hivyo, nikaanza kwa kuirudisha menyu mwanzo wa faili.

Asubuhi nikaujaribu kwa kibodi peke yake, bila kipanya. Nikabonyeza Tab. Linki ya kwanza ya menyu. Tab. Ya pili. Mara ya tisa ndipo nilipokifikia kitanda cha kwanza. Nikakumbuka kwamba kwenye tovuti niliyowahi kuifanyia shirika moja palikuwa na linki mwanzoni kabisa, "Ruka hadi yaliyomo", ambayo haionekani mpaka uifikie kwa Tab. Ukiibonyeza unaruka menyu yote. Inafichwaje? Kwa position: absolute, nje ya skrini.

Nilikaa na jambo hilo karibu siku mbili, maana lilinivurugia hukumu niliyokwisha kuitoa. Ni mistari ileile ya CSS. Kwenye ukurasa mmoja ilimziba Mwalimu njia dakika sita, kwenye mwingine inamfungulia. Google yenyewe, ndani ya sera hizohizo zinazokataza maandishi yaliyofichwa, inasema maandishi yanayowekwa kwa ajili ya watumiaji wa programu za kusoma skrini, kwa nia ya kuwarahisishia, hayahesabiwi kuwa hila.

Mwishowe nilijipa jaribio dogo ambalo mpaka leo nalitumia. Naliwazia fungu lililofichwa likisomwa kwa sauti katikati ya karakana, Mama akiwepo, mafundi wakiwepo, mteja akiwepo. "Ruka hadi orodha ya vitanda." Kila mmoja angeelewa anaambiwa nini. "Vitanda bora Nairobi vitanda vya bei nafuu Nairobi." Hakuna hata mmoja pale ambaye angejua anayesemeshwa ni nani.

Nikairudisha absolute. Fungu la Nairobi 38 sikulirudisha.

Kwa mpangilio wa simu

Kabla ya kuendelea na HTML, nilichukua karatasi nikaandika ambavyo ningemjibu mtu aliyepiga simu kuuliza vitanda. Ilitoka hivi: kitanda cha futi tatu kwa sita, mbao ya saiprasi, elfu kumi na nne mia tano, kipo tayari. Halafu kinachofuata. Hakuna anayejibu simu kwa kutaja bei kumi na moja kwanza.

Huo ndio ukawa mpangilio wa faili. Jina la karakana, nambari ya simu, ile linki ya kuruka, menyu, kisha vitanda kutoka kidogo hadi kikubwa. Kila kitanda kina kisanduku chake na kichwa cha kweli cha HTML. Chini yake ukubwa, mbao, bei, kisha picha na maelezo yake. Maelezo nilimwomba fundi anisaidie, kwa kuwa mimi ningeandika "kitanda kizuri cha kahawia". Yeye alisema, "Mbao tano za kichwani zimesimama wima, pembe zimeviringwa, hakina droo." Nimeyaandika vilevile.

Na vibandiko vyekundu vya bei viko palepale kwenye kona za picha. Bado ni absolute. Tofauti ni kwamba kila bei sasa imeandikwa ndani ya kitanda chake, na kitanda chenyewe nimekipa position: relative, basi makanga ameshika mlango wa matatu yake. Picha ikipungua au maandishi yakirefuka, bei inafuata. Kupanga visanduku safu kwa safu nimetumia Grid, njia ya CSS ya kupanga vitu kwa safu, ambayo vivinjari vikubwa vilianza kuipokea Machi 2017; kwa hiyo hata mwaka wa 2019 sikuwa na kisingizio.

Grid nayo ina uwezo wa kuhamisha vitu machoni bila kuvihamisha kwenye faili, na Flexbox, njia nyingine ya CSS ya kupanga vitu, ina sifa ya order inayofanya vivyo hivyo. Maelezo rasmi ya Flexbox yanaonya kwamba order itumike kwa sura tu, isitumike kurekebisha mpangilio wa maana. Miongozo ya kufanya tovuti zifikiwe na watu wenye ulemavu, WCAG 2.0, iliyotoka Desemba 2008, inadai kwamba pale mpangilio unapobeba maana, mashine iweze kuupata mpangilio huo, na imeliweka dai hilo kwenye ngazi ya chini kabisa, ngazi A. Si pambo la wenye bajeti kubwa. Na hapa kwetu Kenya Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia, kwa kiasi kinachofaa, mahali pote, usafiri wa umma na habari. Nilikisoma kifungu hicho shuleni nikakiwazia ngazi za majengo. Sikuwahi kuiwazia faili ya HTML.

Nilipomwonyesha Mama tovuti mpya aliitazama kwa muda, akaikuza, akaipunguza. "Umebadilisha nini?" akauliza. Kwa macho, karibu hakuna kilichobadilika.

Simu za wateja zimeendelea kuja kama zilivyokuwa zikija. Mafundi bado ni wanne.

Jumamosi nyingine

Mwalimu alirudi wiki iliyopita. Alikuwa na mjukuu wake, msichana wa darasa la sita hivi, ambaye amerefuka ghafla na kitanda anacholalia hakimtoshi tena. Hakuketi safari hii. Alisimama penye mlango wa karakana, simu sikioni, akaifungua tovuti mwenyewe bila mtu kumwambia.

Nilikuwa ndani. Nikaacha nilichokuwa nakifanya.

"Ruka hadi orodha ya vitanda," simu ikasema. Akagusa mara mbili.

"Kitanda cha futi tatu kwa sita. Kichwa. Mbao ya saiprasi. Elfu kumi na nne mia tano. Mbao tano za kichwani zimesimama wima, pembe zimeviringwa, hakina droo. Picha."

Akatelezesha hadi kichwa kinachofuata. "Kitanda cha futi nne kwa sita." Akarudi nyuma. Akaenda mbele tena. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu anayesahihisha.

Hakusema lolote kuhusu insha. Alimgeukia Mama, kwa upande ambao sauti yake ilikuwa inatoka.

"Tatu na nusu hamna?"

"Iko, Mwalimu," Mama akajibu. "Mbili, ziko nyuma, hazijapigwa vanishi. Hatukuziweka huko kwa simu."

"Basi nipeleke nizishike."

Wakaenda, mjukuu mbele, mkono wa Mwalimu begani kwake. Nikaifungua laptopu juu ya meza ya fundi, nikapangusa vumbi la mbao, nikamwuliza fundi bei ya kile cha futi tatu na nusu, nikaiandika ndani ya kisanduku chake, baada ya cha futi tatu, kabla ya cha futi nne.